Barua kwa mwanangu: Nani aliibomoa Madinat al-Zahra?

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimefika, na picha ulizopiga Madinat al-Zahra, kasri la makhalifa wa Córdoba huko Hispania, nimezitazama moja moja. Ile ya vipande vya nakshi vilivyopangwa sakafuni, kila kimoja kikingoja kujulikana kilidondoka ukuta gani, imeniuma. Umeuliza: "Mama, ni Wakristo waliobomoa hapa?"

Hapana, mwanangu. Ferdinand III, mfalme Mkristo wa Castile, aliingia Córdoba mwaka 1236. Wakati huo kasri hilo lilikuwa gofu kwa zaidi ya miaka 200. Waliolipora mwaka 1010 ni askari wa Kiberberi, Waislamu, waliokuwa wameletwa kutoka ng'ambo ya bahari kulilinda dola lenyewe.

Ubovu ulianza 976, khalifa al-Hakam II alipofariki na kiti kumwangukia mwanawe Hisham, mtoto ambaye hata miaka 12 hajatimiza. Hajibu wake, yaani waziri mkuu, al-Mansur, akashika kila kitu. Vitani alikuwa hodari, sikatai: mwaka 997 alifika Santiago de Compostela, mji wa hija wa Wakristo, akarudi na kengele za kanisa zikibebwa na mateka. Lakini khalifa Hisham alifungiwa naye kasrini, akabaki jina tu la kutajwa kwenye hotuba ya Ijumaa.

Aliyelivunja jungu ni mwana wa al-Mansur, Abd al-Rahman, aliyeitwa Sanchuelo. Mwaka 1008 alimfanya Hisham amtangaze mrithi wa ukhalifa, naye si wa ukoo wa Umayya, ukoo wa makhalifa. Kisha akawaamuru wakuu wa Córdoba waache kofia zao ndefu za cheo, wavae vilemba kama Waberberi. Hebu waone wazee wale wakivishwa kilemba kwa amri! Katikati ya baridi kali akatoka na jeshi kwenda kupigana na León, ufalme wa Wakristo wa kaskazini. Februari 1009 mji ukamgeuka. Muhammad al-Mahdi, wa ukoo wa Umayya, akatwaa ukhalifa, na nyumba za Waberberi zikaporwa.

Hapa soma taratibu. Waberberi walikwenda Castile kuomba msaada, na kabla ya mwaka kwisha Sancho García, mtawala wa Castile, alikuwa Córdoba na jeshi lake. Muhammad naye akawaleta Wakatalani, Wakristo wa kaskazini-mashariki, akawalipa kwa dhahabu. Hao ndio wavamizi. Walifunguliwa mlango na wenye nyumba! Waandishi wa Kiarabu waliiita miaka hiyo fitna, neno letu hilihili fitina. Sisi tunalisema juu ya maneno ya uani; kwao lilikuwa mji kuzingirwa na Waberberi mpaka ukaanguka, 1013.

Mwaka 1031 ukhalifa ukafutwa, kila mji ukawa na mfalme wake. Toledo, mmoja wa miji hiyo, ikatwaliwa na Wakristo 1085.

Na zile kengele? Yasimuliwa kuwa Ferdinand alizirudisha Compostela, safari hii zikibebwa na mateka Waislamu.

Ukipita tena Msikiti Mkuu, nipigie picha ya mihrabu, kwa karibu. Ile ni kazi ya al-Hakam, na bado imesimama.

Mama yako