Siku nilipoona mikono ya binti wa dadangu

Joto la Kaskazi halikumfanya binti wa dadangu apandishe mikono ya nguo, hata jikoni. Nikawa namsifu kwa stara. Siku nilipomkuta akitawadha ndipo nikajua kwamba alikuwa akijijeruhi.

Nilikosea siku ile. Nilipiga kelele, nikamwambia "watu watasemaje," kisha nikataka asomewe kabla sijamuuliza neno. (Dua ni dawa, lakini mimi nilitaka kumziba mdomo kwayo.) Akazidi kujificha.

Wiki kadhaa baadaye, tukiwa kwenye feri ya Likoni, akasema mwenyewe: "Khalati, kwetu kulia ni utovu wa adabu." Babake alipofariki, yeye ndiye mkubwa. Aliambiwa apige moyo konde, awatulize wadogo zake, awapokee wageni wa matanga. Huzuni yake haikupata zamu.

Mwaka 1983 mwanasosholojia Arlie Hochschild aliandika juu ya wahudumu wa ndege wa Marekani wanaolazimika kutabasamu kazini. Alionyesha kuwa jamii huweka kanuni za nani ahisi nini, na kuzitii ni kazi yenye kuchosha. Kwetu msichana huambiwa avumilie, mvulana asilie, na siri ya nyumba isitoke nje. Kilichokatazwa mdomoni hutafuta njia mwilini.

Wanasosholojia wa Marekani Patricia na Peter Adler waliwahoji watu zaidi ya 100 wanaojijeruhi. Wengi hawakutaka kufa; walitaka kuhimili hisia zilizowazidi. Hata hivyo usilipuuze jambo hili, kwa sababu hatari ya kujiua huwa kubwa zaidi kwa mtu kama huyo. Muulize waziwazi kama anafikiria kufa. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo.

Kama ana jeraha, litibiwe bila makelele. Usimlazimishe kukuonyesha makovu, wala usimwapishe kwamba hatarudia, maana akirudia atakuficha. Sisi tulimpata mshauri nasaha. Hospitali ya Port Reitz, hapa Mombasa, ina kitengo cha afya ya akili, na Msalaba Mwekundu wa Kenya hupokea simu bure kwa 1199. Wanaoogopa polisi wajue kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba.

Juzi alilia sebuleni, kwa sauti, wageni wakiwapo. Dadangu akafungua mdomo amnyamazishe. Nikamshika mkono, akaacha, akaenda kukaa kando ya mwanawe.