"Tangu kupulizia": faili la kliniki ya akili na msimbo unaotoka humo

Fungua faili lolote la kliniki ya akili lililokaa miaka mitatu, na huenda ukakuta sentensi moja ikijirudia mwezi hadi mwezi: "Mgonjwa wa akili, anaendelea vizuri, aendelee na dawa." Mtunza kumbukumbu akifika hapo hana pa kushika. Ataweka F29, yaani saikosisi (kupoteza uhusiano na uhalisia, kama kusikia sauti zisizokuwepo) isiyobainishwa, au akikata tamaa kabisa ataweka F99, ugonjwa wa akili usiojulikana ni upi. Kisha mtu wa bima anauliza kwa nini mgonjwa wa F99 anachoma sindano ya kila mwezi, na kila mmoja anamtazama mwenzake.

Makala haya ni kwa waganga, matabibu, wauguzi wa afya ya akili na watunza kumbukumbu wa mikoa hii ya kusini mwa Tanzania. Tunazungumzia msimbo wa ugonjwa, yaani herufi na tarakimu zinazosimama badala ya jina lake, ule ambao wengi tunauita kodi (si ile ya TRA). Misimbo tunayoitaja ni ya ICD-10, orodha ya kimataifa ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ambayo magonjwa ya akili yamepangwa kwenye herufi F, kuanzia F00 hadi F99. ICD-11 ilianza rasmi tarehe 1 Januari 2022 na mpangilio wake ni mwingine, lakini maswali ya kumuuliza mgonjwa ni karibu yale yale.

Kanuni ya kwanza ni kwamba mtunza kumbukumbu haruhusiwi kubuni. Akiona haloperidoli (dawa ya saikosisi) kwenye karatasi ya dawa, hawezi kujiandikia kwamba huyu ana skizofrenia, mojawapo ya magonjwa ya saikosisi. Msimbo unatoka kwenye maneno yaliyoandikwa na aliyemwona mgonjwa. Kilichobaki kichwani mwa daktari hakina msimbo.

Muda ndio unaokosekana zaidi

Katika magonjwa ya akili, tofauti ya msimbo mmoja na mwingine mara nyingi ni siku tu. Mtu aliyeanza kusikia sauti na kuamini anawindwa, hali yote ikijitokeza ndani ya wiki mbili au pungufu, anaingia F23, saikosisi ya ghafla na ya kupita. Dalili zenyewe za skizofrenia zikidumu mwezi mmoja au zaidi, ni F20. Zikidumu chini ya mwezi ni F23.2. Kwa hiyo faili lisilo na tarehe ya kuanza haliwezi kutoa msimbo sahihi hata aliyeandika awe bingwa.

Huku kwetu watu hawahesabu ugonjwa kwa kalenda ya ukutani. Wanahesabu kwa korosho (kupulizia mikorosho dawa, kuanguka kwa mabibo, yaani matunda yake), kwa mfungo, kwa jando na unyago. Mjomba amemleta kijana, unamuuliza:

"Mjomba, alianza lini kubadilika?"
"Tangu kupulizia."
"Raundi ya kwanza au ya mwisho?"
"Ya mwisho. Mabibo yalikuwa bado hayajaanza kuanguka."
"Na kabla ya hapo alikuwa anakwenda shambani kama kawaida?"
"Alikuwa anapulizia mwenyewe, na mashine mgongoni."

Ukiandika "ameugua muda mrefu" umeyatupa yote hayo. Andika hivi: "Kwa maelezo ya mjomba anayeishi naye, alianza raundi ya mwisho ya kupulizia, tunakadiria katikati ya Agosti, wiki 7 kabla ya leo. Kabla ya hapo alifanya kazi zote za shamba. Mabadiliko yalikamilika ndani ya siku 4 hivi." Mistari mitatu tu, na ndani yake mna nani amesema, lini ilianza, ilikuja kwa kasi gani, na mtu alikuwaje kabla. Mwenye kuweka msimbo hahitaji kukupigia simu.

Anayesindikiza naye aandikwe ni nani. Mara nyingi mjomba ndiye mwenye sauti katika familia, lakini anaweza kuwa anaishi Nachingwea na mgonjwa yuko Mikindani. Anayejua usiku mgonjwa analala au halali ni mama au mke.

Maneno ya familia yabaki kama yalivyosemwa, kwenye alama za kunukuu. "Anaongea peke yake" si sawa na kusikia sauti; watu wengi huongea peke yao. Uliza: anajibu mtu asiyeonekana? Anasema sauti zinamwambia nini? "Amerogwa" si imani potofu ya mgonjwa ikiwa nyumba nzima na mtaa mzima wanaamini hivyo hivyo. Na "amepandisha mashetani" inahitaji uangalifu wa pekee. Upo msimbo wake, F44.3, lakini masharti yake ni kwamba hali hiyo inamjia mtu bila hiari, inamvurugia maisha, na inatokea nje ya mila au ibada ambamo inakubalika. Aliyepandisha kwenye ngoma, ikaisha, akaamka akaenda kuteka maji, hana msimbo. Tusimtafutie ugonjwa.

Pombe, bangi, na haraka ya kulaumu

Msimu wa mabibo ukifika, uraka (pombe ya mabibo) upo, na gongo ya mabibo ipo. Kuandika "anakunywa pombe" hakutoshi kwa lolote. Andika anakunywa nini, kiasi gani kwa kipimo anachokitumia mwenyewe (chupa ya maji ya nusu lita inaeleweka kuliko "kiasi"), siku ngapi kwa wiki, na saa ngapi zimepita tangu alipokunywa mara ya mwisho. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika, na ndilo linalotenganisha F10.0, yaani amelewa sasa hivi, na F10.3, yaani arosto ya pombe, hali inayompata mtu akikosa kilevi alichokizoea. Arosto ikija na kuchanganyikiwa kwa deliriamu inakuwa F10.4. Ikiwa alianguka na kutikisika, iandike wazi, kwa sababu ipo tarakimu ya tano kwa ajili hiyo: F10.31 au F10.41.

F10.1 ni matumizi yenye madhara, na madhara lazima yatajwe: ini, majeraha, sonona iliyofuata ulevi. F10.2 ni uraibu, nao unahitaji angalau dalili tatu kati ya sita ndani ya mwaka uliopita: hamu isiyozuilika, kushindwa kujidhibiti, arosto, kuhitaji kiasi kikubwa zaidi ili alewe, kuacha mambo mengine kwa ajili ya pombe, na kuendelea kunywa huku akiyaona madhara. Usiandike "mlevi". Taja hizo tatu ulizoziona.

Kwa bangi kosa ni la upande mwingine. Kijana akija na saikosisi na ndugu wakasema anavuta, basi anabandikwa F12.5, saikosisi ya bangi, na habari inaishia hapo. Kwa kawaida saikosisi inayohesabiwa kuwa ya kilevi huanza wakati wa kutumia au ndani ya saa 48 hivi, hupungua ndani ya mwezi mmoja, na huisha kabisa ndani ya miezi sita. Kama ameacha bangi tangu Januari na mwezi wa Septemba bado anasikia sauti, F12.5 imeshapitwa na wakati na utambuzi urudiwe. Faili nyingi hazirudiwi. Msimbo wa siku ya kwanza unamfuata mtu mpaka anazeeka nao.

Alama ya kuuliza mbele ya jina la ugonjwa

Wengi tunapenda kuandika "? Skizofrenia" na kuendelea na kazi, tukidhani ile alama inatulinda. Kwa mgonjwa aliyelazwa hailindi. Kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, ikiwa hadi mgonjwa anaruhusiwa utambuzi bado umeandikwa kama wa kushuku na hakuna maelezo mengine, unawekewa msimbo kana kwamba umethibitika. Yaani alama yako ya kuuliza inafutika, na skizofrenia inabaki kwenye takwimu na kwenye barua ya rufaa. Kama hujui bado, andika unachokijua: "saikosisi ya ghafla, siku 9, chanzo bado kinachunguzwa." Hiyo ina msimbo wake, na ni ya kweli.

Homa nayo. Mikoa yetu ina malaria, na mtu mzima aliyechanganyikiwa tangu jana usiku si wa kliniki ya akili mpaka mwili uwe umechunguzwa. Deliriamu, F05, huja kwa saa au siku chache, hupanda na kushuka, na mgonjwa hajui yuko wapi wala ni saa ngapi. Ili msimbo usimame, faili liwe na joto la mwili, majibu ya kipimo cha malaria, sukari, na jibu lake alipoulizwa mahali na siku. Kama malaria kali ya ubongo ndiyo iliyomlaza, hiyo (B50.0) ndiyo hali kuu na deliriamu inafuata nyuma yake. Andika neno "kutokana na". Bila neno hilo mtunza kumbukumbu anaona magonjwa mawili yasiyojuana.

Kifafa kimekaa chumba cha jirani

Kifafa tunakitibu kliniki ya akili, na ndugu wengi wanakihesabu humo, lakini msimbo wake ni G40, wa magonjwa ya neva. Ukikisukuma kwenye F kwa sababu tu daftari ni moja, takwimu za mkoa zinaharibika kwa magonjwa mawili kwa mpigo. Andika aliyeshuhudia ni nani, kuanguka kulianzaje, dakika ngapi, alijing'ata ulimi au kujikojolea, mara ngapi kwa mwezi na tarehe ya mwisho. Maelezo hayo hayo ndiyo yanayosaidia wanafunzi wa kike wanapoanguka darasani mmoja baada ya mwingine: hapo huenda ni F44.5, kuanguka kunakofanana na kifafa lakini si kifafa, na ukiandika "kifafa" kwa haraka msichana anaanza dawa za miaka. Mwenye kifafa aliyepata pia saikosisi anastahili misimbo miwili, si mmoja wa kuchagua.

Sonona: hesabu dalili

F32.9 ni sonona isiyo na kiwango, na ndiyo inayojaa kwa sababu hakuna aliyehesabu. Sharti la muda ni wiki mbili. Dalili kuu ni tatu: huzuni, kukosa raha na mambo aliyoyapenda, na kuishiwa nguvu. Kwa vigezo vya kina vya ICD-10, kiwango cha chini (F32.0) ni dalili nne kwa jumla, cha kati (F32.1) sita, na cha juu (F32.2) nane zikiwemo kuu zote tatu. Zikiongezeka sauti au imani potofu ni F32.3. Aliwahi kuugua hivyo, akakaa angalau miezi miwili akiwa mzima, sasa imerudi? Hiyo ni F33. Aliwahi kupata kipindi cha kuchangamka kupita kiasi, halali, anagawa fedha za korosho? Basi wala si F32 wala F33. Nenda F31, baipola.

Ukitumia PHQ-9 (dodoso la maswali tisa ya sonona), andika alama na tarehe, lakini usiiachie kazi yako. Karatasi hiyo ina ngazi inayokaa kati ya wastani na kali, alama 15 hadi 19, na ICD-10 haina msimbo wa ngazi hiyo. Anayeamua ni wewe uliyemwona.

Kwa mama aliyejifungua, tarehe ya kujifungua iwepo. F53 ni kwa hali iliyoanza ndani ya wiki sita na isiyotosha kuingia penginepo. Mama mwenye dalili kamili za baipola anapewa F31, pamoja na O99.3 kuonyesha kwamba yuko katika uzazi.

Aliyejidhuru anahitaji misimbo miwili: wa madhara mwilini, na wa nia. "Amekunywa dawa ya mikorosho" haisemi kama alikusudia au aliipokea kwenye chupa ya soda akidhani ni kinywaji. Muulize mwenyewe, faraghani, ndugu wakiwa nje, na uandike jibu lake. Kama kweli haijulikani, andika haijulikani. Upo msimbo wa nia isiyobainika. Ajali isiandikwe kwa kuwaonea haya wazazi.

Kabla hujatafuta msimbo kwenye simu

Intaneti imejaa misimbo ya Kimarekani. Toleo lao linafanana na letu kwa sura, na hapo ndipo linapotega. F10.24 kwa Shirika la Afya Duniani ni mraibu anayeendelea kunywa hivi sasa. Kwa Wamarekani ni uraibu wa pombe ulioleta ugonjwa wa hisia. F32.A ni ya kwao peke yao, kwetu haipo. Ukiona herufi mwishoni au tarakimu usizozizoea, funga ukurasa huo.

Kwenye marudio ya kila mwezi, badala ya "anaendelea vizuri" andika dalili zipi zimebaki, analala saa ngapi, amerudi kazini au la, dozi ngapi amekosa na kwa nini, na kama utambuzi bado ni ule ule. Baipola iliyotulia ni F31.7, si F31.2 ya siku alipoletwa amefungwa kamba.

Ukikosea, piga mstari mmoja unaoacha maneno yasomeke, andika sahihi pembeni, tarehe na saini. Usipake rangi nyeupe. Na mtunza kumbukumbu akikuletea faili lenye kikaratasi kinachouliza "ilianza lini?", usimjibu kwa mdomo mlangoni. Lichukue faili, uandike humo, umrudishie.