Panya asiyeona anajuaje kumekucha?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nasoma udaktari mwaka wa pili hapa Moshi. Tumefundishwa kwamba panya wasio na fimbo wala koni machoni, yaani seli za kuonea, bado saa yao ya mwili hufuata mwanga. Mwanga huo unaingilia wapi? Na kwa nini taa ya usiku mara huirudisha saa nyuma, mara huisogeza mbele?

JIBU: Marahaba. Unaingilia jichoni humo humo. Panya hao wakitolewa macho kabisa, taa haiigusi tena saa yao, kwa hiyo wazo la kwamba mwanga unapitia kwenye ngozi tuliache.

Kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho, kuna seli chache za ganglioni (zile zinazopeleka habari za jicho kwenye ubongo) zenye protini yao wenyewe ya kunasa mwanga, melanopsini. Huitikia zaidi mwanga wa buluu, wa nanomita kama 480. Nyuzi zake za neva huenda moja kwa moja hadi haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo, kwenye fungu la seli zipatazo 20,000 lililokaa juu ya makutano ya neva za macho. Hapo ndipo ilipo saa kuu.

Ila usikimbilie kusema melanopsini ndiyo kila kitu. Jeni yake ilipozimwa, matokeo ya 2002 yalionyesha panya wanaendelea kufuata taa. Kilichopungua ni kiasi cha saa kusogea baada ya kumulikwa. Mwaka 2003 ikaonekana kwamba vikilemazwa vyote vitatu, fimbo, koni na melanopsini, panya hajali tena taa imewaka au imezimwa. Jaribio ninalolipenda mimi ni la 2008: safari hii ziliuawa seli zenyewe, si jeni ya melanopsini tu. Panya wakabaki wanaona, lakini saa ikashindwa kuufuata mwanga. Maana yake habari za fimbo na koni nazo hupitia kwenye seli hizo hizo, kama hiace za Marangu na za Machame zinavyoishia stendi moja.

Sasa la pili. Nyuzi za seli hizo humwaga glutamati, kemikali ya kupitishia ujumbe, kalsiamu inaingia kwenye seli za saa, protini iitwayo CREB inaamshwa, na jeni ya Per1, mojawapo ya jeni zinazoiendesha saa, inawashwa. Per1 kwa kawaida hupanda mchana na kushuka usiku. Ukimmulika panya usiku ukiwa mchanga, unaizuia isishuke, na saa inachelewa. Ukimmulika karibu na alfajiri, unaipandisha kabla ya wakati wake, na saa inawahi. Mchana tayari iko juu, kwa hiyo taa haibadilishi la maana.

Ukija kulifanya jaribio hili mwenyewe, taa ziwake saa 12 asubuhi na kuzimwa saa 12 jioni, karibu sawa na jua letu, na taima iwe na betri. Umeme ukikatika na kurudi saa 9 usiku taima ikiwa imepoteza saa, taa inaweza kuwaka, ukawa umemmulika panya bila kukusudia. Halafu angalia usidanganyike na gurudumu la kukimbilia, lile linalowekwa kizimbani kupima mwendo wake: panya huacha kukimbia taa ikiwaka tu, hata kama saa yake haijasogea. Mwache kwenye giza totoro siku kadhaa, kisha tazama anaanza kukimbia saa ngapi. Panya wengi wa maabara wana mzunguko unaopungua kidogo saa 24, hivyo gizani kila siku huanza dakika chache mapema kuliko jana. Chora mstari wa mianzo hiyo kabla na baada ya kummulika; pengo kati ya mistari miwili ndilo jibu lako.