Utitiri unaorudi baada ya kupuliza dawa

Kaka, unasema kuku wa Mbagala umewapulizia dawa mara 2 na utitiri umerudi. Shida ni pale ulipopulizia. Utitiri mwekundu hunyonya damu hasa usiku. Mchana umejibanza kwenye nyufa za banda, chini ya fito wanazolalia kuku na chini ya viota. Pitisha karatasi nyeupe chini ya fito saa 3 usiku: walioshiba wekundu, wenye njaa kijivu.

Toa kuku, choma maranda yote, mwagia nyufa maji yanayochemka, zikauke, ndipo upulize dawa ya banda humo ndani. Rudia baada ya siku 7, kwani mayai mengi huponea dawa ya kwanza. Kuliacha banda tupu wiki mbili hakusaidii, utitiri huvumilia njaa miezi kadhaa.