Betri ya simu ikivimba, usiibane na gundi

Nipo kwenye ufundi simu miaka mingi na kitu kinachonipa presha kuliko vyote ni betri iliyovimba. Mteja anakuja, fundi kioo kimeachia, nibandikie tu. Ukiilaza simu mezani inachezacheza, kioo kimeinuka upande mmoja mpaka kucha inapita. Jamani hapo gundi haina kazi, kinachosukuma kioo ni betri, na ukikibandika kwa nguvu ndo unazidi kuibana.

Ndani ya betri ya lithiamu kuna karatasi za shaba na alumini zilizopakwa dawa na kukunjwa pamoja, katikati yake kuna utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele, na vyote vimelowana kimiminika kinachoshika moto haraka. Betri ikizeeka au ikipigwa joto au ikila chaja mbovu, kile kimiminika kinaharibika na kutoa gesi, ndo huko kuvimba. Sasa utando ukichanika zile pande mbili zinagusana, inapiga shoti, joto linapanda lenyewe na halirudi nyuma.

Kuna mafundi wanatoboa na pini eti hewa itoke. Acheni kabisa! Kijana wa meza ya jirani alikuwa anabandua betri kwa bisibisi, ncha ikaichoma, ukaanza kufuka moshi mweupe alafu cheche alafu moto, kava lililokuwa pembeni likayeyukia mezani pale pale. Ule moshi una sumu, unakaba koo, wote tulitoka nje. Mimi naizima simu, nalainisha gundi kwa spiriti kidogo, nabandua taratibu na kadi ya plastiki. Na wewe mteja ukiona imevimba zima, usiichaji tena hata kama bado inakaa na chaji siku nzima, ipeleke kwa fundi.

Na msiseme ni simu feki tu. Mwaka 2016 Samsung waliziita Galaxy Note 7 zirudishwe, wakawapa watu nyingine, na hizo nyingine nazo zikawaka, mwezi wa 10 wakaacha kuitengeneza kabisa. Sasa sembuse pawabenki ya bei chee imeandikwa 50000 mAh (kipimo cha chaji inayobeba) na inaingia mfuko wa shati, hizo namba ni uongo mtupu, nimezifungua nyingi nikakuta ndani betri kuukuu zilizochomolewa kwenye laptopu.

Kinachoniumiza zaidi ni simu kuchajiwa usiku kucha chini ya mto, juu godoro la sponji, pembeni neti, na watoto wamelala hapo hapo. Chajia sakafuni au kwenye meza isiyo na kitu. Mnaosafiri kufuata mzigo Dubai au China, pawabenki haikai kwenye begi la kukabidhi, unabeba mkononi na mwisho ni Wh 100, yaani wati-saa, kipimo cha nishati ya betri (ya 20000 mAh ni kama Wh 74 hivi), na Emirates tangu 1 Oktoba 2025 hawaruhusu kuitumia ndani ya ndege.

Ikianza kufuka usiibebe kukimbia nayo. Toa watu kwanza, kata umeme kwenye meni swichi kama unaifikia, moto ukiwa mdogo mwagia maji mengi maana inatakiwa ipoe, ukishakuwa mkubwa toka upige zimamoto, kwa Tanzania ni 114. Hata ikizimika iache nje mbali na ukuta, maana zinaweza kuwaka tena baada ya masaa.