Bundi mwekundu na bundi wa kahawia wa Pemba

Swali: Mwanangu anafanya kazi Wete, Pemba, na amenitumia picha za bundi wawili wadogo, mmoja mwekundu na mwingine wa kahawia. Mganga mmoja hapa Makambako anasema mwekundu ndiye dume na kwamba manyoya yake hukinga nyumba. Je, hao ni ndege wa aina mbili?

Jibu: Mama, hao ni wa aina moja. Bundi mdogo wa Pemba, ambaye kwa jina la kisayansi ni Otus pembaensis na ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani, huwa ama mwekundu wa kutu ama wa kahawia iliyofifia, na rangi hiyo haihusiani na udume wala ujike. Urefu wake ni takriban sentimita 20, macho yake ni ya njano, na vile vishungi vifupi kichwani, ambavyo wengi huviita masikio, ni manyoya tu. Masikio yenyewe yamefichika pembeni mwa uso. Giza likiingia hutoa mlio mfupi, "hu", akaurudia kwa vituo visivyolingana, huku akiwinda wadudu, ambao huwashukia chini au kuwadaka hewani.

Mganga wako sina subira naye, wala na wenzake ambao habari zao hunifikia kutoka Mbeya hadi Songea. Kwao kila bundi ni mjumbe wa kifo mpaka mteja atoe fedha, ndipo ndege huyohuyo anapogeuka kuwa kinga ya nyumba. Kazi ya manyoya hayo inajulikana: ukingo wa mbele wa bawa una vijimeno laini kama vya kitana, ambavyo huutawanya upepo usivume, naye hupita juu ya paa bila kusikika.

Huyu wa Pemba yumo katika orodha ya kimataifa ya ndege walio hatarini kutoweka, kwa kuwa ana kisiwa kimoja tu, na msitu wa asili huko umebaki vipande kama Ngezi, ingawa huonekana pia katika mashamba ya mikarafuu. Ndege wa namna hiyo hawezi kustahimili biashara ya manyoya, hata ikiwa ndogo.

Huku kwetu nako, anayemuua bundi wa darini kwa ushauri wa waganga asishangae panya wakimaliza mahindi ghalani. Na akiamua kutega sumu, ajue kwamba bundi akila panya mwenye sumu hiyo naye anaweza kufa.