Vichochoro vyetu: nani ana haki ya kufunga njia?

Barua nyingi za mwezi huu ni za vichochoro. Kuna wanaotaka vifungwe, na kuna waliofungiwa wanaotaka vifunguliwe. Naanza na aliyeandika kwa uchungu zaidi.

*Ubavuni mwa nyumba yetu hapa Langoni pana kichochoro ambacho mateja wamekifanya chumba chao. Ikishapita isha hakuna mtoto wa kike anayethubutu kupita. Asubuhi tunaokota sindano na kufagia uchafu wao. Majirani sita tumechanga pesa tutie milango ya chuma pande zote mbili, kila nyumba iwe na ufunguo wake. Twaweza? – Mama wa wanne, Lamu*

Pole sana, mama. Sindano mlangoni pa mtoto si jambo la kuambiwa mtu avumilie. Lakini milango hiyo msiitie.

Katiba, Kifungu cha 62, inazihesabu barabara na njia za kupita kuwa ardhi ya umma, na barabara za mitaani ziko mikononi mwa serikali ya kaunti. Majirani sita, hata wakikubaliana kwa sauti moja, hawana mamlaka ya kufunga njia ya watu wote. Na mkiwa ndani ya Mji wa Kale, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2001, Makavazi ya Kitaifa nayo hayana budi kuulizwa, kwa sababu mpangilio wa njia zetu umo katika urithi huo pamoja na majumba.

Hayo ni ya sheria. Mimi linalonitia wasiwasi zaidi ni jeneza. Nimebeba majeneza katika vichochoro hivi. Penye kona kali wabebaji wa mbele husimama, wa nyuma wakazunguka kwa vihatua vidogo, migongo ikisugua ukuta, kisha jeneza likainuliwa juu ya vichwa ili livuke ncha ya baraza. Watu huchagua njia kwa ajili hiyo, na njia ikifungwa huenda iliyobaki haina nafasi ya kugeukia. Msiba haungoji mwenye ufunguo arudi kutoka Mombasa. Moto nao haungoji. Nyumba ya makuti ikishika, watu hukimbia na ndoo kupitia tundu lolote lililo wazi. Tena uangalieni mtaro: kizingiti cha chuma hushika taka, na mvua ya masika itageuza njia ya maji iingie kwa jirani wa chini.

Sasa nikuulize: kando ya kichochoro hicho hamna gofu? Mara nyingi mateja hawakai njiani. Hukaa ndani ya gofu, nyumba iliyoporomoka dari ambayo warithi wake wako Mombasa au Uarabuni. Hilo ndilo la kufungwa. Mwendeeni afisa wa afya ya umma. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inampa uwezo wa kumtaka mwenye nyumba, popote alipo, aondoe uchafu na hatari. Warithi wakikubali, fundi azibe mlango na madirisha kwa mawe na chokaa. Pesa mlizochanga zielekezeni huko, na kwenye taa, na kwenye kupaka ukuta chokaa nyeupe, kwani mahali peupe penye mwanga mtu haoni raha ya kujidunga.

Na hao vijana ni wana wetu. Ukiwafungia Langoni watahamia Gardeni. Tiba ya methadone, dawa ya kumsaidia mtu aache heroini, inatolewa katika hospitali za serikali huku Pwani, Malindi ikiwemo. Akipatikana mmoja anayetaka kuacha, mumsindikize.

*Ndugu yangu anaishi Leicester. Anasema Uingereza wanafunga vichochoro kwa milango ya chuma na wizi unapungua. Kwa nini sisi tukatazwe? – Kijana wa Mkomani*

Ndugu yako hakusema uongo. Liverpool ilitia milango ya namna hiyo kwa wingi, na utafiti uliochapishwa mwaka wa 2004 ulionyesha uvunjaji wa nyumba umepungua kwa asilimia 37 hivi. Lakini vichochoro vile ni vya uani. Nyumba zimepangwa kwa safu, mlango wa mbele unatazama barabara, na huko nyuma hutolewa taka. Kikifungwa, mgeni bado atabisha hodi mbele. Lamu mlango wa mbele uko kichochoroni. Daka, yaani ukumbi wa mlangoni, liko hapo, baraza liko hapo, na anayekwenda msikitini alfajiri anapita hapo.

Na hata huko hawafungi ovyo. Kwa sheria yao ya 2014, halmashauri huwaarifu watakaoathirika, hupokea pingamizi zao, huangalia kama kuna njia nyingine iliyo rahisi kupitika, na amri yenyewe haizidi miaka 3 isipoongezwa upya. Hili la miaka 3 natamani sana kaunti zetu zilichukue. Njia iliyofungwa kwa sababu ya wizi ifunguliwe wizi ukiisha. Kwetu ikishafungwa, baada ya muda ukuta hupandishwa, juu yake chumba, na wajukuu huambiwa hapakuwa na njia kamwe.

*Sisi ni wavuvi wa Malindi. Njia ya kwenda pwani waliyoipita babu zetu imejengewa ukuta na mwenye vila mpya. Anasema hati yake inafika hadi mchangani. Tufanyeje?*

Hati haifiki popote anapopataka yeye. Kifungu hichohicho cha 62 kinasema ardhi yote iliyo kati ya kikomo cha maji kujaa na kikomo cha maji kupwa ni ya umma. Ufuo ni wenu. Ugomvi uko kwenye njia ya kuufikia, na hapo kuna mambo mawili tofauti.

Kabla ya maandamano nendeni ofisi ya ardhi mkaulizie ramani ya usajili ya eneo lenu. Ikiwa njia imechorwa baina ya viwanja, basi ukuta umesimama juu ya ardhi ya umma. Ipelekeni nakala kwa afisa wa mipango wa kaunti. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inairuhusu kaunti kutoa notisi ukuta uondolewe, na mwenye ukuta ana siku 14 za kukata rufaa.

Ikiwa haikuchorwa, msikate tamaa. Sheria ya ukomo wa madai, Sura ya 22, inaitambua haki ya kupita katika kiwanja cha mtu iwapo njia imetumika miaka 20 waziwazi, kwa amani, bila kukatizwa, na bila kuombwa ruhusa. Kesi hizo husikizwa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi, nayo inakaa hapohapo Malindi. Kusanyeni wazee watakaoapa, picha za zamani na kumbukumbu za kamati yenu ya ufuo.

Jambo moja nawasihi: mwenye vila akiwaletea karatasi ya kuwaruhusu kupita saa fulani hadi saa fulani, msiitie saini bila wakili. Mkikubali kuruhusiwa, mtakuwa mmekiri kwamba haikuwa haki yenu. Na ukuta msiuvunje kwa mikono yenu.

*Jirani ameongeza ngazi mbili nje ya mlango na kuweka tangi la maji kando yake. Mama yangu anatembelea mkongojo, hapiti. Jirani ni mtu mzima, namwonea haya. – Mkaazi wa Wiyoni*

Usiende peke yako. Mwombe mzee wa rika lake, anayeswali naye, akusindikize baada ya asri, na mama awepo ili aonekane anavyopita. Tangi lipande juu ya dari, ngazi ziingie ndani ya daka. Akikataa, mzee wa mtaa. Akimkataa naye, ofisi ya kaunti.

*Tukisimamisha vigingi vya chuma mwanzoni mwa kichochoro, bodaboda hazitazuilika?*

Hazitazuilika. Panapopita punda mwenye shogi zilizojaa mchanga, pikipiki hupita bila kugusa kitu, na mkivibana vigingi hadi izuilike, mtakuwa mmemzuia punda. Kinachofaa ni katazo la kaunti lenye askari wa kulisimamia.

*Taa ya mtaani imezimika tangu Ramadhani. Ni kazi ya nani?*

Ni ya kaunti. Taa za barabarani zimetajwa katika Jedwali la Nne la Katiba. Andikeni barua, mtaje mtaa, nyumba iliyo karibu na namba ya nguzo kama ipo, nakala kwa mwakilishi wa wadi, na mgongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Mkingoja jibu, kila mwenye daka awashe balbu yake ya nje kuanzia magharibi.